Kurekebisha nafasi ya magurudumu ya treni ya modeli ili isiache njia

Mabehewa yote yakianguka mahali pamoja, kagua reli. Behewa moja likianguka kila mahali, hasa kwenye pointi, yaani pale reli inapogawanyika kuwa njia mbili, ligeuze uangalie magurudumu yake. Wapenzi wengi wa treni za modeli hupoteza jioni nyingi wakibandua na kulaza upya reli isiyo na kosa lolote, kumbe kilichotakiwa ni kusogeza gurudumu moja kwenye ekseli yake kwa robo au nusu milimita.

Nitazungumzia zaidi reli ya upana wa milimita 16.5, kwa kuwa ndiyo iliyoenea kuliko zote. Hutumiwa na modeli za HO, zilizopunguzwa mara 87, na zile za Uingereza za OO, zilizopunguzwa mara 76. Wenye reli ya upana mwingine watafuata hatua zilezile. Namba tu ndizo zitakazobadilika.

Nafasi ya ndani, na kwa nini pointi huijali sana

Kinachorekebishwa ni umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja: kutoka uso wa ndani wa gurudumu la kushoto hadi uso wa ndani wa gurudumu la kulia. Nitauita nafasi ya ndani.

Kwenye reli iliyonyooka gurudumu lina uhuru. Flenji, yaani ule ukingo unaoteremka upande wa ndani wa reli, huweza kucheza kidogo kushoto na kulia, na kosa dogo la nafasi halionekani. Pointi haitoi uhuru huo. Katikati ya pointi, reli mbili zinapokatana, pana krosingi: ncha kali ya chuma yenye pengo mbele yake. Gurudumu linapovuka pengo hilo, upande wake hakuna kitu cha kuliongoza. Linaongozwa na mwenzake wa ng'ambo, ambaye mgongo wake hushikwa na kipande kifupi cha reli kilicholazwa sambamba na reli kuu. Hicho ndicho reli ya kinga. Huivuta ekseli nzima upande wake ili flenji ya ng'ambo isiigonge ncha.

Nafasi ya ndani ikiwa ndogo mno, migongo ya magurudumu hubanwa na reli ya kinga upande mmoja na bawa la krosingi, yaani reli iliyopinda kando ya ncha, upande wa pili, gurudumu linapanda juu, na behewa linaruka. Ikiwa kubwa mno, reli ya kinga haiwezi kuivuta ekseli vya kutosha. Flenji inapiga ncha ya krosingi, au inaingia upande usio wake, na behewa linajikuta magurudumu ya mbele yanafuata njia moja na ya nyuma njia nyingine.

Kuna jambo linalowatatiza wanaopenda hesabu. Reli halisi ya upana wa milimita 1435 ukiigawa kwa 87 unapata 16.5, kwa hiyo upana wa HO ni sahihi kabisa. Nafasi ya ndani ya magurudumu ya treni halisi ni karibu milimita 1360, na ukiigawa kwa 87 unapata 15.6. Mbona basi magurudumu ya modeli huwekwa 14.5? Ni kwa sababu flenji za modeli ni nene na ndefu kuliko ambavyo zingekuwa zikipunguzwa kwa haki, ili treni ipite kwenye kona kali za mezani na kwenye reli isiyolazwa kwa ufundi wa hali ya juu. Unene huo umelipwa kwa kuyasogeza magurudumu karibu zaidi. Kwa hiyo usijaribu kufuata uhalisia katika kipimo hiki. Waingereza wanaotaka uhalisia kamili wana mfumo wao wa P4, wenye reli ya 18.83 mm na nafasi ya ndani ya karibu 17.7, na hulazimika kujenga pointi zao kwa usahihi unaolingana na namba hizo.

Namba ya kulenga

Kwa reli ya 16.5 mm, lenga kati ya 14.4 na 14.5. Kwa reli ya N ya 9 mm, karibu 7.4. Mfumo wa EM wa Uingereza, wenye reli ya 18.2, hutumia karibu 16.5, na reli ya O ya 32 mm yenye viwango vya kisasa hutumia karibu 29. Magurudumu ya Märklin, kampuni ya Ujerumani, ya mfumo wa reli tatu yana nafasi ya 14.0, na ndiyo maana behewa la Märklin likiwekwa kwenye pointi za mfumo wa reli mbili huanza kurukaruka. Behewa hilo si bovu, limetengenezewa reli nyingine.

Chama cha NMRA cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1935, na shirikisho la MOROP la Ulaya, lililoanzishwa mwaka 1954 na linalotoa viwango vya NEM, vyote viwili huchapisha vipimo vya magurudumu na reli. Havifanani hadi tarakimu ya mwisho, na watengenezaji nao hawavifuati wote kwa ukali mmoja. Kwa hiyo namba ya kweli iko kwenye pointi zako. Zipime mara moja tu, uandike.

Pima vitu viwili. Kwanza, umbali kutoka uso wa reli ya kinga unaoguswa na mgongo wa gurudumu hadi uso wa bawa la krosingi unaoguswa na mgongo wa gurudumu la pili. Nafasi ya ndani lazima iwe kubwa kuliko umbali huo, la sivyo magurudumu yatabanwa. Pili, umbali kutoka uso uleule wa reli ya kinga hadi kwenye ncha ya krosingi, upande ambao flenji hupita. Nafasi ya ndani ukiijumlisha na unene wa flenji moja haitakiwi kuzidi umbali huu wa pili. Flenji za umbo la RP-25 la NMRA, zilizoko kwenye magurudumu mengi ya HO ya siku hizi, zina unene wa karibu 0.76 mm. Tuseme umbali wa pili kwenye pointi yako ni 15.3. Toa 0.76, inabaki 14.54. Hiyo ndiyo dari yako. Ukiweka 14.5 utapita, ukiweka 14.7 utagonga ncha.

Wakitokea wageni na mabehewa yao wenyewe, utakuwa na kipimo cha kuwapa.

Vifaa

Kalipa ya dijitali inayosoma sehemu ya mia ya milimita ndiyo kifaa cha kwanza, na hata ya bei nafuu inatosha. Cha pili ni kipande cha geji: bonge dogo la shaba ya njano au chuma lililochongwa kwa unene kamili wa nafasi unayotaka, lenye mfereji wa kupitisha ekseli. Hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya modeli, lakini kama kuagiza kutoka ng'ambo ni shida, fundi yeyote mwenye lethi atakuchongea. Mwambie unataka 14.5 kamili na nyuso mbili zilizo sambamba kabisa. Akikukabidhi, mpimie palepale kwa kalipa yako. Kwa maoni yangu bonge hili lina manufaa kuliko kalipa, kwa sababu haliwezi kusomwa vibaya: linaingia au haliingii.

Ongeza jiliwa dogo, kibano, msasa laini, kipande cha kioo cha dirisha, multimita, na spiriti ya kusafishia.

Hatua ya kwanza: mtafute mkosaji

Usiliweke behewa kwenye treni. Liweke peke yake na ulisukume kwa kidole, polepole sana, likipita pointi kwa njia zake zote mbili, kwenda na kurudi. Jicho liwe karibu na gurudumu. Likiinuka pale reli ya kinga inapoanza, nafasi ni ndogo. Likigonga au kuyumba kwenye ncha ya krosingi, nafasi ni kubwa, au gurudumu linapepesuka kwenye ekseli. Likipanda reli ya nje katikati ya kona, nafasi inaweza kuwa kubwa, lakini pia inawezekana bogi, yaani ile fremu ndogo chini ya behewa inayobeba ekseli, haizunguki vizuri, na hilo nitalirudia chini. Behewa linaloanguka tu treni inaporudi nyuma, na peke yake linapita salama, kagua viunganishi vyake kabla ya kugusa magurudumu.

Tia alama ya penseli chini ya behewa kuonyesha ni ekseli ipi.

Hatua ya pili: toa magurudumu na kuyasafisha

Kwenye bogi nyingi za plastiki ekseli ina ncha zilizochongoka zinazokaa kwenye vishimo vidogo pande mbili. Tanua pande za bogi kwa vidole gumba, kidogo tu, ekseli itachomoka. Usitumie bisibisi kama mtaimbo. Plastiki ikishapinda haiirudii hali yake na ekseli itabaki ikilegea.

Safisha kabla ya kupima. Uchafu mweusi unaoganda juu ya gurudumu na kwenye kona ya flenji hubadilisha mwendo wake na hudanganya kalipa. Kitambaa chenye spiriti kinatosha. Ukwaruzo kwenye uso wa gurudumu hukusanya uchafu upesi zaidi, kwa hiyo msasa uusahau hapa.

Hatua ya tatu: pima

Tumia yale meno madogo ya juu ya kalipa, ya kupimia ndani. Yaweke karibu na ukingo wa gurudumu, pembeni mwa ekseli, na uyafungue mpaka yaguse pande zote mbili bila kusukuma. Ukibonyeza utayasogeza magurudumu, na utasoma namba uliyoitengeneza wewe mwenyewe. Zungusha ekseli theluthi ya mzunguko, pima tena. Zungusha theluthi nyingine, pima mara ya tatu.

Namba tatu zikilingana na zote zikiwa nje ya lengo, kazi ni nyepesi. Zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita, gurudumu limekaa mshazari, na hapo hakuna nafasi moja sahihi: kila mzunguko linakuwa pana kisha jembamba. Behewa la namna hii ndilo linaloanguka leo na kesho linapita, likamfanya mtu afikirie uchawi. Limekutana tu na krosingi likiwa upande wake mbaya.

Hatua ya nne: sogeza

Kabla ya nguvu yoyote, jua gurudumu lako limeshikwaje. Kama magurudumu na ekseli ni plastiki moja iliyomiminwa pamoja, hakuna cha kurekebisha. Weka ya chuma badala yake, na treni nzima itakwenda vizuri zaidi. Kama flenji ni zile ndefu na nene za modeli za zamani, usihangaike na nafasi; hugonga vishikio vya reli kwenye reli za kisasa zenye kimo kifupi, nazo pia dawa yake ni kubadilisha. Magurudumu mengi ya sasa ni ya chuma juu ya ekseli ya chuma, na angalau upande mmoja una kikombe cha plastiki katikati ili umeme usivuke. Hayo husogea.

Kuongeza nafasi, shika gurudumu moja kwa kila mkono, zungusha kama unayefungua kifuniko cha chupa huku ukivuta nje. Mzunguko ndio unaofanya kazi; ukivuta tu bila kuzungusha, gurudumu litakataa, kisha litaruka kwa ghafla milimita nzima. Sogeza kidogo, jaribu bonge la geji, sogeza tena.

Kupunguza nafasi, ingiza bonge la geji kati ya magurudumu na uyakamize kuelekea ndani kwa vidole, ukizungusha. Yakiwa magumu, tumia jiliwa, lakini zile ncha za ekseli zisiguse meno yake kamwe. Toboa tundu kwenye vipande viwili vya mbao ngumu, ncha ziingie humo, na mbao zibonyeze gurudumu lenyewe karibu na kitovu. Ncha ikivunjika au kubapa, ekseli hiyo haitazunguka vizuri tena.

Geji ikishaingia kwa kuteleza, bila kulegea na bila kubana, bado kuna kipimo kimoja ambacho wengi hukiruka: magurudumu yako katikati ya ekseli? Pima kutoka uso wa ndani wa kila gurudumu hadi ncha ya ekseli iliyo upande wake. Kwa ekseli ya 26 mm yenye nafasi ya ndani ya 14.5, kila upande uwe 5.75. Nafasi inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini magurudumu yote mawili yakiwa yamesogea kushoto, behewa litakwenda likiegemea upande mmoja na litagonga krosingi za mkono mmoja tu. Ukiona behewa linapita pointi zote za kulia na kuanguka kwenye za kushoto, anzia hapa.

Hatua ya tano: nyoosha na ufunge

Viringisha ekseli juu ya kioo ukiitazama kwa nyuma. Gurudumu linalopepesuka utaliona mara moja. Kwa kawaida kuzungusha kikombe cha plastiki nusu mzunguko ndani ya gurudumu, kisha kulikamiza tena dhidi ya geji, huondoa sehemu kubwa ya kosa. Lisipotengemaa, libadilishe.

Gurudumu lililosogea kwa urahisi mno litasogea tena lenyewe. Litoe, paka gundi ya epoksi inayokauka polepole kwenye ekseli kwa kijiti cha meno, lirudishe kwenye geji na uliache humo mpaka ikauke. Paka geji nta kwanza. Gundi za kukauka papo hapo hazikupi muda wa kupima, kwa hiyo sizipendi kwa kazi hii.

Kisha weka multimita, ncha moja kwenye kila gurudumu. Kwenye mfumo wa reli mbili umeme usipite kati ya magurudumu hayo. Bogi ikiwa ya chuma, hakikisha pia upande wenye kikombe cha plastiki uko upande uleule kwa ekseli zote, la sivyo bogi yenyewe itaunganisha reli mbili.

Vichwa vya treni vinataka tahadhari nyingine

Usilizungushe gurudumu la kichwa cha mvuke kama ulivyofanya kwa behewa. Magurudumu ya kushoto na kulia yamepishana kwa nyuzi 90 ili fito zake zisikwame, na ekseli zote lazima zipishane sawasawa. Ukiligeuza moja kwa nyuzi chache, kichwa kitachechemea au kitasimama kabisa. Kazi hiyo inahitaji jigi maalumu inayoshika pembe wakati unakamiza. Bila jigi, afadhali kukamiza moja kwa moja kwa jiliwa bila mzunguko wowote, au kumwachia fundi mwenye nayo.

Kwenye vichwa vya dizeli, magurudumu mengi yako kwenye nusu mbili za ekseli zilizoingizwa ndani ya gia ya plastiki. Gia hiyo ikipasuka, nafasi hupanuka yenyewe na utasikia mlio wa kugongagonga unaolingana na mzunguko wa gurudumu. Haifai kukamiza na kutumaini, badilisha gia. Na kwa kichwa chochote, kumbuka kwamba vibati vya kuchukua umeme mara nyingi hugusa mgongo wa gurudumu. Ukilisogeza gurudumu nje, kibati kinaweza kuachwa hewani, na kichwa kilichokuwa kikianguka sasa kitakuwa kikizimika. Kikunje kidogo kilifuate.

Nafasi ni sahihi na bado linaanguka

Liweke behewa kwenye kioo na ubonyeze kila kona. Likiyumba, bogi zimefungwa vibaya au chasi imepinda. Skrubu ya bogi moja iwe imekaza kiasi kwamba inazunguka tu, na ya bogi ya pili iwe imelegea kidogo ili iweze pia kuinama pande zote. Hivyo behewa linasimama kama lenye miguu mitatu, na magurudumu yote yanagusa reli hata ikiwa na bonde.

Kisha lipime uzito. Pendekezo la NMRA kwa HO ni karibu gramu 28 za msingi, na gramu 14 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la inchi sita, yaani sentimita 15, linatakiwa kufika karibu gramu 113. Mengi ya plastiki hayafiki. Ongeza vipande vya chuma chini kabisa, katikati ya bogi mbili, uzito usiwe juu.

Na kwa anayetaka kutengeneza reli zetu za Afrika Mashariki: reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina upana wa 1435, kwa hiyo vifaa vya HO vya 16.5 vinaifaa bila hesabu nyingine. Reli ya zamani ya mita moja, waliyopita wale Garratt 34 wakubwa (vichwa vya mvuke) wa darasa la 59 waliojengwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock na kupewa majina ya milima, inatoka 11.5 kwa kipimo cha 1:87. Waundaji hutumia reli ya 12 mm, inayoitwa HOm. Reli ya TT nayo ni 12 mm, lakini usidhani magurudumu ya huku yatapita kule kwa kuwa upana ni mmoja. Pima pointi kwa ile njia ya vipimo viwili kabla ya kununua ekseli nyingi.

Ukimaliza, andika nafasi na tarehe kwa penseli chini ya behewa. Likianguka tena baada ya miezi, anza kwa kupima. Namba ikiwa imebadilika, gurudumu halijashika ekseli yake, rudi kwenye epoksi. Ikiwa ileile, mkosaji safari hii ni reli.